Dairekta Masalu na Macho ya Bibi Yangu

Kanda za video zikikaa miaka mingi kwenye boksi hutoa harufu yake, harufu ya plastiki iliyochoka na vumbi lililolala. Boksi la Dairekta Masalu lilipotuliwa juu ya meza yangu hapa studio, mjini Kahama, harufu hiyo ilinifikia kabla sijamwangalia mwenye boksi. Nikainua macho. Alikuwa yeye. Mabega yamepungua, nywele zimekuwa nyeupe, lakini bado amevaa kizibao chake chenye mifuko mingi, kile alichotuaminisha zamani kwamba bila hicho mtu hawezi kushika kamera. Nilipokuwa mtoto niliamini mifuko ile imejaa vifaa. Siku hizi napiga picha nikiwa na gauni la kanisani na hakuna kinachoharibika.

"Shikamoo," nilimwamkia, maana adabu ni adabu hata kwa mtu wa aina hii.

"Marahaba, mwanangu. Mama Neema ndiye wewe? Nimeelekezwa kwako. Nataka kazi zangu hizi unihamishie kwenye flashi. Kazi kubwa hizi. Zisije zikapotea, vizazi vikakosa."

Kazi kubwa! Nilimvutia kiti akakaa, akaanza kunisimulia jinsi alivyokuwa mtu wa kwanza kuleta kamera ya begani ukanda wote huu, na jinsi matajiri wa dhahabu walivyokuwa wakisogeza mbele tarehe za harusi zao ili wampate yeye. Hakunitambua. Ng'ombe wa jirani angemtambua, mimi hapana. Nikawa naitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee" huku napangua kanda moja moja: harusi, kipaimara, harusi, ufunguzi wa duka, harusi. Chini kabisa nikakuta kanda yenye karatasi iliyoandikwa kwa wino uliofifia: Msiba wa Maige, mbichi. Mbichi maana yake picha zenyewe kama zilivyopigwa, kabla mtu hajazikata na kuziunganisha. Sikujua kuwa kanda hiyo bado ipo duniani. Nimeitafuta tangu nianze kazi hii, bila kumwambia mtu, kwa sababu ndani yake kuna midomo ya bibi yangu inayosema kitu, na mimi niliyesimama hatua chache kutoka kwenye midomo hiyo nilisahau ilisema nini.

Nililelewa na bibi huyo, Bibi Nyamizi, kijijini kwetu karibu na njia ya kwenda Buzwagi, mama yangu akiwa anauza chakula kwenye machimbo ya upande wa Geita. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kazi na macho mekundu. Hayo macho nayataja mapema ili tusizungukane. Kwetu miti iliisha zamani na watu wanapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake haumwachi mtu salama. Mwanamke aliyeinamia moshi huo tangu alipovunja ungo mpaka alipopata wajukuu mlitaka awe na macho gani, meupe kama maziwa? Lakini watu wetu wana akili ya kupeleleza kila kitu isipokuwa jiko. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwao alikuwa na maelezo mengine, uchawi, na wapo mabibi wa vijiji vya jirani waliokufa kwa mapanga kwa sababu ya maelezo hayo.

Bibi yangu alikuwa amesalimika mpaka hapo kwa sababu watu walimhitaji. Msiba ukitokea, yeye ndiye mkuu wa masufuria. Hakuna aliyejua kama yeye kupika ugali wa watu mia bila kuungua na bila kubaki mbichi katikati. Na katika kila msiba, kabla hajapakulia wazee, kabla hajapakulia hata mchungaji, alikuwa ananiwekea mimi bakuli langu pembeni: matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani, kisha vikachemshwa tena na karanga. Aliniita "mayu", yaani mama, kama Wasukuma wanavyowabembeleza watoto wa kike. "Mayu, kula, mtoto hali na foleni," alikuwa ananiambia.

Shule yangu ya filamu ilikuwa banda la video lililokuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Kuta za mabati, madirisha hakuna, televisheni moja ndogo iliyofungiwa kwenye kizimba cha nondo, na jasho la watoto sitini. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi na za Kinaijeria, na mtafsiri alikuwa anazungumza Kiswahili juu yake akiongeza mambo yake, mpaka wafalme wa China wakawa wanatajana kwa majina ya wabunge. Mtafsiri yule alikuwa mwongo wa kutisha, lakini watoto tulijifundisha wenyewe sheria ambazo hazikuhitaji mtafsiri. Steringi, shujaa wa filamu, hafi. Mvua ikinyesha, mtu atalia. Na sheria kubwa kuliko zote: ukimwona mtu ameletwa karibu, uso umejaa kioo kizima, macho yametulia na ngoma zinaanza kulia chinichini, huyo ndiye adui. Hata kama anatabasamu. Hata kama amebeba mtoto mchanga.

Sasa sikieni ujinga wangu, na sijui kama ulikuwa wangu peke yangu. Sikujua kwamba ngoma zile huwekwa na mtu. Niliamini zipo kweli. Niliamini zinatoka ndani ya kifua cha mtu mbaya, wakati wote, hata anapokunywa chai, ila masikio yetu hayazisikii mpaka kamera ije izisikie kwa niaba yetu. Kamera kwangu ilikuwa kama ile mashine ya hospitali inayoona mfupa uliovunjika ndani ya nyama. Haikuweza kukosea, kwa sababu haikuwa na ugomvi na mtu.

Maige alikuwa kijana wa jirani yetu. Aliangukiwa na duara, lile shimo ambalo wachimbaji wadogo huteremka kwa kamba kufuata mwamba wenye dhahabu, na walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mama yake, Mama Maige, alikuwa na ndugu Sengerema ambao mvua ziliwazuia njiani, na mtu akatoa wazo kwamba mazishi yapigwe video ili ndugu hao nao waje kuyaona. Ulikuwa ndio mtindo mpya. Watu walioshindwa kununua matimba ya kushikilia udongo usimwangukie kijana wao walifanikiwa kumpata mpiga video.

Dairekta Masalu alifika kwa pikipiki, na kizibao, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata alipokuwa anaangalia ndani ya kamera. Maombolezo yalikuwa yameshaanza. Jeneza lilikuwa linatoka mlangoni, wanawake wameshikana, Mama Maige anaita jina la mwanawe. Masalu akainua mkono.

"Subirini! Subirini jamani, betri haijakaa sawa. Rudisheni ndani, mtoke tena. Na akina mama, mlie kama mlivyokuwa mnalia, msipunguze."

Na wakarudi! Huo ndio ukweli ambao mpaka leo unanitia kinyaa. Wanaume sita wenye ndevu walirudisha jeneza ndani, wakangoja, wakapewa ishara, wakatoka nalo tena. Mchungaji akasogea mahali alipoelekezwa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia yule mjinga apishe njia. Mimi nami nisijitoe: niliona ni jambo la heshima sana, na tangu dakika hiyo nikamfuata Masalu kila alikokwenda, nikijaribu kuchungulia kile kioo kidogo kilichochomoza ubavuni mwa kamera.

Alipomaliza mbele ya nyumba alizunguka nyuma, jikoni. Lazima mwelewe mahali penyewe, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilijengwa juu ya watu kusahau mahali penyewe. Jeneza lilikuwa uani mbele. Mafiga ya msiba yalikuwa nyuma, na katikati ilisimama nyumba nzima ya vyumba vinne. Aliyekuwa jikoni asingeliona jeneza hata akisimama juu ya kinu. Bibi alikuwa ameinamia sufuria, moshi umemzunguka, kanga ameifunga kichwani. Masalu akachuchumaa, akaielekeza kamera juu kutoka karibu na ardhi, akaanza kuuvuta uso wake karibu. Kuvuta ndio ufundi pekee aliokuwa nao. Kama angepewa kamera isiyovuta angelazimika kurudi kulima pamba.

Bibi akainua kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama begani kwa Masalu, upande wa kulia, nimenyoosha shingo kwenye kioo. Bibi akaangalia, macho mekundu, machozi ya moshi yameshakauka, akasema kitu. Kisha akarudi kwenye sufuria yake. Ndiyo hivyo tu. Sijui hata kama ilichukua muda wa kuhesabu mpaka kumi.

Siku ya kuondoa matanga tuliitwa nyumbani kwa Mama Maige mchana, baada ya chakula, kuangalia video. Jenereta waliazima kwenye karasha la kusagia mawe. Kanga zilitundikwa madirishani ili kuwe na giza kidogo, wazee wakapewa viti, akina mama mikeka, na watoto tukaketi sakafuni mbele kabisa, kama bandani. Mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alikaa karibu na mlango na filimbi yake shingoni. Bibi hakuwepo. Alikuwa nyuma, anaosha vyombo.

Video ilianza na maandishi yaliyokuwa yanaanguka kama matofali: MASALU VIDEO INAWALETEA SAFARI YA MWISHO YA MAIGE. Pembeni mwa jina la marehemu ikapita mioyo miwili myekundu iliyokumbatiana, kwa sababu msanii wetu alikuwa amesahau kuifuta kutoka kwenye kazi ya harusi iliyotangulia. Hakuna aliyecheka. Watu walidhani ndivyo inavyotakiwa. Kisha likaja jeneza, polepole, polepole zaidi kuliko mtu yeyote anavyotembea duniani. Kisha Mama Maige akianguka, naye polepole, mikono hewani. Akaanguka. Halafu akaanguka tena, anguko lile lile. Halafu mara ya tatu.

Hapo ngoma zikaanza.

Bibi yangu akatokea kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umejaa pembe hadi pembe, umepigwa kutoka chini kiasi kwamba kidevu kilikuwa kikubwa na paji la uso liko mbali juu. Moshi ulikuwa unapanda pande zote mbili. Masalu alikuwa ameongeza rangi, kwa sababu ya kuongeza tu, na macho yaliyokuwa mekundu ya moshi yalikuwa sasa mekundu ya damu. Midomo ilikuwa inafunguka na kujifunga taratibu, bila sauti, juu ya zile ngoma. Kisha jeneza. Kisha macho ya bibi peke yake. Kisha Mama Maige akaanguka mara ya nne.

Ninakumbuka jasho likinishuka mgongoni na jenereta likinguruma nje. Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Mmeona?" na mwingine akajibu, "Ananuia. Angalia mdomo." Walikuwa ni wanawake waliokuwa wamesimama jikoni naye siku ile, wamemenya viazi naye, wamekula alichopika. Walikuwa wanajua nyumba ile ilisimama wapi. Sasa walikuwa wanamwona anakodolea jeneza, kwa sababu kioo kilisema macho kisha kikasema jeneza, na wao wakaunganisha kwa hiari yao. Nawadharau mpaka leo. Dharau hiyo naijua vizuri kwa sababu mimi nilikuwa nimeketi mbele yao, na nilikuwa nimezisikia ngoma.

Nilizisikia, wenzangu. Ngoma za adui, zikitoka kwa mtu niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja. Mashine isiyo na ugomvi na mtu ilikuwa imesema.

Mama Maige akaomba video isimamishwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama aliyekuwa ametoka kumzika mtoto na alikuwa anatafuta mahali pa kuuweka uchungu wake. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Wewe, mjukuu wa Nyamizi. Siku ile ulikuwa unamfuata yule wa kamera kama mkia. Ulikuwepo pale?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Bibi yako alikuwa anasema nini?"

"Sijui."

"Alikuwa anakuangalia wewe?"

Nilijua. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Nilijua kabisa kwamba alikuwa ananiangalia mimi, kwa sababu nilikuwepo, na macho yale yalikuwa yamekutana na yangu. Lakini kusema "ndiyo" mbele ya watu wote wale kulikuwa ni kuingia naye kwenye kioo. Na zaidi ya woga, kulikuwa na hili ambalo ni baya kuliko woga: niliamini video inajua kuliko mimi. Nilidhani labda mimi ndiye nilikosea siku ile.

"Hapana," nikasema.

"Alikuwa anaangalia nini?"

"Jeneza."

Mkuu wa sungusungu akaitikia kwa kichwa mara moja, akatoka nje. Mtoto wa miaka minane alikuwa amemwambia kwamba bibi yake anaweza kuona kupitia ukuta wa matofali ya kuchoma, naye akaridhika.

Baada ya siku tatu barua ilisukumwa chini ya mlango wetu, karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Bibi hakujua kusoma. Akanipa mimi nimsomee, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Nikasoma. Ilisema Nyamizi ahame kabla ya mvua kukatika, la sivyo asilaumu mtu. Nilisoma vizuri, nikitulia kwenye nukta kama mwalimu alivyotufundisha. Bibi aliikunja karatasi, akaitia chini ya mafiga, kisha akapakua matobolwa akaniwekea mbele yangu.

Sikula. Nilisema tumbo linauma. Kesho yake nikasema hivyo hivyo, na kesho kutwa, na nilipoulizwa tena nikasema nitakula kwa jirani. Bibi hakuwa mjinga. Aliniangalia, nami nikainua ubao wangu wa hesabu nikauweka mbele ya uso wangu ili macho yake yasinifikie. Akasema neno moja tu, "Haya." Mjomba Mhoja, kaka wa mama, alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kumhamishia bibi Ushetu, kwa watoto wa marehemu kaka yake bibi, wakulima wa tumbaku. Mjomba aliniuliza kama nakwenda na bibi. Nilikataa, nikapelekwa kwa mama. Huko walimpa kazi ya kuangalia moto kwenye bani la kukaushia tumbaku, moshi juu ya moshi, na baada ya mavuno ya pili akafa. Mama alikwenda kumzika. Mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa na mtihani, au ndivyo nilivyosema.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa semina Mwanza, na kijana mmoja wa Dar es Salaam mwenye suruali fupi akatufundisha kile alichokiita lugha ya picha. Kamera ikiwa chini, alisema, mtu anakuwa mkubwa na wa kutisha. Ikiwa juu, anakuwa mdogo. Uso ule ule ukiuunganisha na mtoto anayecheza, mtazamaji anaona upendo. Ukiuunganisha na kaburi, anaona kitu kingine. Wenzangu waliandika kwenye madaftari wakisema "aisee". Kijana alifurahi sana na ugunduzi wake. Nilitamani kumuuliza kama amewahi kumwona mtu akihamishwa kwa mkokoteni kwa sababu ya pembe ya kamera, lakini muda wa chai ulikuwa umefika.

Nilipata maana, basi, kwa kuchelewa. Tangu hapo nimehariri misiba isiyo na idadi. Sijawahi kuweka ngoma. Wateja wananilalamikia kwamba video zangu zimepoa.

Kwa hiyo jana, Masalu akiwa ameketi pembeni yangu na soda niliyomnunulia, nilianza na kanda ile ya chini kabisa.

"Hiyo ni mbichi, mwanangu, haina utamu," alisema. "Anza na harusi ya yule tajiri."

"Nitaanza na hii, mzee. Msiba huu unaukumbuka?"

"Misiba ni mingi." Akasogea kwenye kioo. "Aah, huu! Huu ulinipa kazi. Watu wa pale hawajui kulia, picha ilikuwa imelala kabisa. Nikaiamsha kwa kuediti."

"Uliiamshaje?"

"Kulikuwa na bibi mmoja ana sura nzuri ya sinema. Nikamchukua, nikambandika hapa na pale, nikatia muziki. Watu walisisimka!" Akacheka mpaka soda ikamwagika kwenye kizibao. "Kazi inataka ubunifu."

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ningependa angekuwa nayo. Mtu mwenye nia unaweza kumchukia ukapumzika. Huyu aliiua nyumba yetu kwa kuogopa kwamba watu watasinzia. Nilimuuliza kama anajua yule bibi aliishia wapi. Akasema atajuaje, yeye ni mtu wa picha.

Picha zikawa zinapita. Jeneza likatoka, mkono wa Masalu ukaonekana ukisema subirini, jeneza likarudi. Kisha kamera ikayumba, ikapita ukutani, kona, ukuta mwingine, ukuta wote mrefu wa nyumba ambao kwenye ile video haukuwahi kuwepo. Jikoni. Wanawake wanamenya viazi, wanacheka kidogo kama watu wa misibani wanavyocheka. Bibi yangu ameinama, na alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Karibu na goti lake, juu ya kigoda, kulikuwa na bakuli lililofunikwa sahani. Kamera ikashuka chini, ikaanza kuvuta. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Bibi akainua kichwa, akaangalia pembeni kidogo ya kamera, upande wa kulia.

"Mayu," alisema, "njoo ule. Viazi vinapoa."

Na palepale, karibu na kipaza sauti, kikatoka kisauti cha mtoto kikali cha kuudhi, kilichoziba kila kitu: "Siji! Siji bwana, bibi! Naangalia video!"

Masalu akakunja uso, akaweka kidole sikioni.

"Umesikia huyo?" akasema. "Kitoto fulani kilinisumbua siku nzima, kinapiga kelele masikioni mwangu. Ndiyo maana pale nililazimika kuondoa sauti."

"Ni mimi," nikamwambia.

Aliniangalia, hakuelewa, akarudi kwenye soda yake. Nikairudisha kanda nyuma kidogo, mpaka pale bibi anapoanza kuinua kichwa.